Kasha la ordinateri ya kwanza: tuangalie nini kabla ya kulipa?

Katika vikundi vyetu vya AVEC swali moja linazidi kusikika: watoto wanasoma informatika shuleni, wakubwa wanahitaji kuandika TFC, na kikundi chenyewe kinalipa sekretaria kila mara kinapohitaji kuchapa ripoti. Kwa nini tusijikusanyie ordinateri yetu, kipande kwa kipande, kadiri feza inavyopatikana? Wazo hilo ni zuri. Lakini wengi wanaanza na kile kinachoonekana kwa macho, yaani kasha, lile sanduku ambalo wauzaji wa Butembo wanaita buatie. Wanachagua lenye taa za rangi, halafu vipande vinakataa kuingia. Leo tuzungumze juu ya sanduku hilo.

Kwanza, umeme wa nyumbani

Kabla ya kutoka nyumbani, jiulize umeme unatoka wapi. Ordinateri ya mezani, pamoja na ekra yake, mara nyingi inakula wati 60 hadi 120 katika kazi za kawaida za kuandika. Ile ya kubeba inakula kidogo zaidi, tena ina betri yake. Kama nyumba inategemea paneli ndogo ya jua inayowasha taa na kuchaji simu tu, ordinateri ya kubeba itawafaa zaidi, na feza ya kasha ibaki katika sanduku la kikundi. Lakini kama muko na umeme wa laini, au mitambo ya jua yenye nguvu na betri nzuri, ya mezani ina faida kubwa: kipande kimoja kikikufa, munabadilisha hicho peke yake.

Nyumba na mwenye nyumba

Ndani ya kasha anakaa mwenye nyumba, kadi mama, ambayo wauzaji wanaita karte meri. Vipande vingine vyote vinashikamana naye, kama watoto na mama yao. Nyumba inapaswa kumtosha.

Kuna vipimo vitatu vinavyojulikana sana. ATX, kipimo kilichotolewa na kampuni Intel mwaka 1995, ni milimita 305 kwa 244. Micro-ATX ni 244 kwa 244. Mini-ITX, kidogo kuliko vyote, ni 170 kwa 170. Kwa kawaida kasha kubwa linapokea kadi ndogo, lakini kasha dogo haliwezi kupokea kadi kubwa. Kwa hiyo mujue kadi kwanza, kasha lifuate. Andika kipimo kwenye karatasi na ubebe rula ya mtoto ya shule.

Kwa familia inayoanza, kasha la kupokea micro-ATX au ATX linatosha vizuri. Yale madogo sana yanapendeza, lakini mikono inakosa nafasi ndani na joto linatoka kwa shida. Na kwa kuwa vipimo hivi havijabadilika kwa miaka mingi, kasha zuri linaweza kubaki hata wakati vipande vya ndani vitabadilishwa.

Muangalie pia makasha ya zamani yanayotoka katika ordinateri za ofisi zilizotumika. Mengi yalitengenezwa kwa kadi ya kampuni yake tu, na nyaya zake hazilingani na za wengine. Ukinunua mashine nzima inayofanya kazi, ni sawa. Ukinunua ganda lake tupu, unaweza kubaki na chuma cha kuwekea viatu.

Pumzi na vumbi

Ordinateri inapofanya kazi inatoa joto. Hewa ya baridi inapaswa kuingia mbele, ya moto itoke nyuma na juu. Tafuta kasha lenye matundu mengi mbele, lenye nafasi ya vantilateri zisizopungua mbili, moja ya kuingiza na moja ya kutoa. Vantilateri ya milimita 120 ni rahisi kupata, tena haipigi kelele kama ndogo. Kasha lililofungwa mbele kwa kioo kizima linanyimwa pumzi.

Lakini njia ya hewa ndiyo njia ya vumbi, na vumbi letu jekundu la kiangazi tunalijua sote. Chagua kasha lenye kichujio mbele ambacho kinatoka kwa mkono na kuoshwa kwa maji. Kikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Liweke juu ya meza, si chini kwenye sakafu inayofagiliwa. Na vile vitambaa vyetu vizuri vya kufuma, tunavyofunikia redio na televisheni, tusivitumie wakati mashine inawaka. Tufunike wakati imezimwa na imepoa.

Zawadi ya kuogopa

Makasha mengi ya bei ya chini yanauzwa na alimantasio ndani, kile kisanduku kinachopokea umeme na kuugawa. Inaonekana kama zawadi. Mara nyingi ndipo muuzaji alipopunguzia gharama, na kisanduku kibovu kinaweza kuua vipande vyote pamoja. Ni afadhali kasha la kawaida na alimantasio nzuri kuliko kasha la kifahari na alimantasio ya kubahatisha. Ordinateri ya nyumbani, isiyo ya michezo mikubwa, inatosheka na alimantasio ya kweli ya wati 300 hadi 450. Namba kubwa kwenye karatasi haitoshi kuwa ushahidi: pima uzito mkononi, uliza jina la mtengenezaji, omba garanti iliyoandikwa. Na mtu asiifungue hata ikiwa imechomolewa, kwa sababu umeme unaweza kubaki ndani.

Kasha ni la chuma, na watoto wanaligusa. Plagi yake iwe na waya wa ardhi, na priza ya ukutani pia iwe na waya huo. Kasha likikupiga kidogo ukiligusa, usiseme ni kawaida, wala usitafute dawa yake katika kuvaa kandambili. Zima, chomoa, ita fundi wa umeme.

Dukani

Lifungue mbele ya muuzaji. Pitisha kidole polepole pembeni mwa chuma: kama inakata, itakata mtoto pia. Hesabu vis ndani ya mfuko wake, bonyeza kitufe cha kuwasha, angalia matundu ya USB mbele. Kasha lenye ubavu wa kioo lifikirie mara mbili kama litapanda pikipiki kurudi Kipese. Na lolote utakalochagua, lirudi ndani ya karatoni yake.

Kama feza ni ya kikundi, waende watu wawili, mmoja mwenye kujua vipande na mmoja mwenye kushika daftari. Waulize bei katika maduka matatu, na fakitire iandikwe kwa jina la kikundi. Taa za rangi ziwe za mwisho katika hesabu, kwani hazimsaidii mtu kuandika hata herufi moja.

Siku ya kukusanya ikifika, waiteni wasichana wakae karibu na meza, si jikoni tu. Mmoja ashike turnevisi, mwingine asome maelezo. Msichana aliyefunga kadi mama kwa mkono wake hataogopa mashine hiyo ikigoma, na kikundi kitakuwa kimepata fundi wake.