Kijiji cha Wanamichezo: Nani Atakaa Humo Wageni Wakiisha Kwenda?

Hapana mtu wa Uriri, Awendo au Homa Bay asiyejua maana ya kijiji. Kijiji ni nyumba, njia, maji, soko, shule, na watu wanaojuana. Lakini iko namna nyingine ya kijiji ambacho hujengwa kwa haraka na kwa fedha nyingi, hukaliwa na maelfu ya watu kwa majuma machache tu, kisha wote huenda zao makwao. Hicho ndicho kijiji cha wanamichezo, yaani mahali wanapolala na kula wakimbiaji, waogeleaji na wachezaji wengine wakati wa mashindano makubwa ya mataifa.

Mkulima wa miwa aweza kuuliza, "Mambo hayo yanihusu nini mimi?" Swali lake ni la haki, na jibu lake ni hili: nyumba hizo hujengwa mara nyingi kwa fedha za watu wote, juu ya ardhi iliyokuwa na watu wake, na hubaki zimesimama miaka mingi baada ya mbio kusahauliwa. Kwa hiyo yafaa tujue kazi hiyo hufanywaje, na faida yake humwendea nani.

DESTURI ILIVYOANZA

Desturi ya kuwajengea wanamichezo kijiji chao ilipata nguvu mwaka 1932 mjini Los Angeles, Marekani. Huko nyumba ndogo za mbao, mamia kadhaa, zilijengwa juu ya vilima kwa ajili ya wanaume peke yao. Wanawake walilazwa hotelini. Michezo ilipokwisha, nyumba zile zilibomolewa, na kijiji kikatoweka.

Mwaka 1956 wenyeji wa mji wa Melbourne, Australia, walitumia akili nyingine. Wakati ule walikuwa na upungufu wa nyumba za watu wenye mapato madogo. Basi idara yao ya nyumba ilijenga mtaa mzima mahali paitwapo Heidelberg, wanamichezo wakalala humo kwa muda wa michezo, na baadaye nyumba zikapewa wapangaji wa kawaida. Hapo ndipo ilipoonekana wazi kwamba mwanamichezo ni mgeni tu, na mwenye nyumba ni yule atakayekuja baada yake.

KAZI YA STRATFORD, LONDON

Mfano ulio mkubwa zaidi, na ambao hesabu zake zajulikana vizuri, ni ule wa London. Tarehe 6 Julai 2005 mji huo ulichaguliwa kuandaa Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2012. Mahali palipowekwa kwa kazi hiyo palikuwa Stratford, upande wa mashariki, katika bonde la mto Lea. Upande huo ulikuwa wa watu maskini kuliko sehemu nyingine nyingi za mji. Ardhi yenyewe, kama eka 600, ilikuwa na viwanda vya zamani, karakana za reli, taka, na udongo ulioharibiwa na mafuta na sumu za viwandani. Juu yake zilisimama nguzo kubwa 52 za nyaya za umeme.

Kazi ya kwanza, basi, haikuwa kujenga bali kusafisha. Nyaya za umeme zilipitishwa chini ya ardhi katika mahandaki mawili, kila moja lenye urefu wa kilomita 6, na nguzo zikaondolewa. Udongo ulichimbuliwa, ukaoshwa kwa mashine, na sehemu yake kubwa ikarudishwa pale pale. Mkulima yeyote ataelewa jambo hili: shamba lisilotayarishwa halina mavuno, hata mbegu iwe njema namna gani.

WALE WALIOONDOLEWA

Lakini ardhi ile haikuwa tupu. Kulikuwa na mtaa ulioitwa Clays Lane, walimokaa watu zaidi ya 400 katika nyumba za ushirika. Mwaka 2007 walihamishwa na nyumba zao zikabomolewa. Karakana na biashara ndogo nyingi ziliondoshwa pia. Hata vishamba vya mboga vya Manor Garden, vipatavyo 80, ambavyo wenyeji walikuwa wamevilima kwa vizazi, vilihamishwa mahali pengine.

Watu hao walitafutiwa mahali pa kwenda, na wengine walilipwa. Hata hivyo mtu aliyewahi kung'oa mji wake na kuujenga upya mahali pengine ajua kwamba fidia hailipi kila kitu. Jirani hanunuliwi. Mwembe ulioupanda wewe haubebwi kwa gari. Kwa sababu hiyo jambo la waliohamishwa lapasa kutajwa kila mara majengo mapya yanaposifiwa.

NYUMBA 2,818

Ujenzi wa kijiji chenyewe ulianza mwaka 2008. Mpango wa kwanza ulikuwa kwamba kampuni ya ujenzi itafute fedha za watu binafsi, nao watu hao wapate faida yao baadaye kwa kuuza nyumba. Lakini mwaka huo huo mabenki ya dunia yakapatwa na msukosuko mkubwa, na wakopeshaji wakarudi nyuma. Mwaka 2009 ilikuwa lazima Serikali ya Uingereza ibebe gharama yote, isije siku ya michezo ikafika na nyumba hazina mapaa.

Majengo yalikwisha kwa wakati, na mnamo Januari 2012 yakakabidhiwa kwa waandalizi. Zilikuwa nyumba 2,818 katika majengo marefu ya ghorofa, zenye nafasi ya kulaza watu wapatao 17,000. Jambo la kuangaliwa ni hili: nyumba hizo hazikuwa na majiko wakati wa michezo. Wanamichezo walikula pamoja katika ukumbi mmoja wenye viti 5,000, uliokuwa wazi usiku na mchana. Majiko yalitiwa baadaye, kwa kuwa mgeni hahitaji kupika, bali mwenyeji ahitaji. Hapo twaona kwamba wajenzi walikuwa wakimfikiria mpangaji wa kesho tangu walipochora ramani.

Kadhalika zahanati iliyowatibu wanamichezo ilifanywa baadaye kituo cha afya cha mtaa. Shule iitwayo Chobham Academy, yenye nafasi ya wanafunzi karibu 1,800, ilifunguliwa pale mwaka 2013. Mwishoni mwa mwaka huo wapangaji wa kwanza waliingia, na kijiji kikaitwa East Village.

Wakenya walikuwa na siku yao ya furaha huko. Tarehe 9 Agosti 2012, katika uwanja ulio karibu na kijiji hicho, David Rudisha, mzaliwa wa Kilgoris katika kaunti jirani ya Narok, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, akavunja rekodi yake mwenyewe ya dunia.

HESABU YA MWISHO

Sasa tuje kwenye hesabu, ambayo karani yeyote ataipenda. Kijiji kiligharimu zaidi ya pauni milioni 1,000. Nyumba 1,379, yaani karibu nusu, ziliuzwa kwa shirika la nyumba za bei nafuu kwa pauni milioni 268. Zilizobaki ziliuzwa mwaka 2011 kwa kampuni mbili, moja ya Qatar na moja ya Uingereza, kwa pauni milioni 557. Ilipotangazwa hesabu, ilionekana kwamba fedha za umma zilipungukiwa kwa kiasi cha pauni milioni 275.

Je, hiyo ni hasara? Wengine husema ndiyo. Wengine hujibu kwamba mji ulipata mtaa, shule, kituo cha afya na bustani kubwa mahali palipokuwa na jaa la taka, na kwamba mambo hayo hayapimwi kwa pauni tu. Lakini hata hao hukubali jambo moja: kodi za nyumba nyingi za pale zimekuwa nzito kwa wenyeji wa zamani wa Stratford, hata baadhi ya zile zilizoitwa za bei nafuu. Mtaa uliinuka, lakini si kila mtu wa mtaa aliyeinuka nao.

NA KWETU KENYA?

Kenya nayo imejaribu kazi za namna hii. Mwaka 1987 Nairobi ilikaribisha Michezo ya Afrika Nzima, na kwa ajili yake ukajengwa uwanja mkubwa wa Kasarani kwa msaada wa China. Miaka 30 baadaye, Julai 2017, vijana wa dunia walio chini ya umri wa miaka 18 walikuja kukimbia katika uwanja huo huo. Safari hiyo hakikujengwa kijiji kipya. Wageni walilazwa katika mabweni ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, kando ya barabara ya Thika. Huo ulikuwa uamuzi wa busara, maana kitanda cha chuo hakikosi mtu: mwanariadha akiondoka, mwanafunzi yuko mlangoni. Senegal imefuata njia hiyo hiyo kwa Michezo ya Olimpiki ya Vijana iliyopangiwa Oktoba na Novemba 2026, ikachagua chuo kikuu kilichoko Diamniadio, mji mpya karibu na Dakar, kuwa kijiji cha wanamichezo.

Lakini mwaka huo huo wa 2017 tulipata aibu pia. Mwezi wa Septemba Kenya ilinyang'anywa mashindano ya mpira ya CHAN ya mwaka 2018 kwa sababu viwanja havikuwa tayari, nayo yakapelekwa Morocco. Ndipo tulipojifunza kwamba ahadi isiyo na saruji haichezewi mpira. Agosti 2025 tuliweza kuyaandaa mashindano hayo pamoja na Uganda na Tanzania, na mchezo wa mwisho ukachezwa Kasarani.

Kwa ajili ya Kombe la Afrika la mwaka 2027, ambalo nchi hizo tatu zilipewa pamoja, ujenzi wa uwanja mwingine wa watu 60,000, ulioitwa Talanta, ulianza Machi 2024 karibu na Jamhuri, kando ya barabara ya Ngong. Fedha zake zilitafutwa kwa hati za mkopo za shilingi bilioni 44.79, zilizoingizwa katika Soko la Hisa la Nairobi mnamo Julai 2025. Mkopo huo ni wa miaka 15, kwa riba ya asilimia 15.04 kila mwaka, na umewekwa kulipwa kutoka katika mfuko wa michezo ambao hupata mapato yake katika kodi za michezo ya kubahatisha. Maana yake ni kwamba hata shilingi ya kijana wa Uriri anayebahatisha matokeo ya mpira kwa simu yake yaweza kuwa na sehemu katika malipo hayo. Mtoto aliyezaliwa mwaka 2025 atakuwa wa umri wa shule ya sekondari deni hilo litakapokuwa likimalizika.

MASWALI MATATU

Hatusemi kwamba viwanja na vijiji visijengwe. Watu wa Homa Bay wanajua vizuri jinsi sherehe kubwa inavyoweza kuamsha mji: tarehe 1 Juni 2025 Sikukuu ya Madaraka iliadhimishwa huko katika Uwanja wa Raila Odinga, na macho ya nchi nzima yakageukia ukingo wa ziwa. Siku hiyo ilipita. Kinachobaki ni barabara, taa, maji na soko, kama vilijengwa vizuri na kama vinatunzwa.

Kwa hiyo, kila atakaposikia kwamba kazi kubwa ya namna hii inaanza, iwe Nairobi au katika kaunti yake, raia mwenye busara na aulize maswali matatu. La kwanza: ardhi hii ilikuwa ya nani, na wenyewe wanakwenda wapi? La pili: nani atalipa, na kwa miaka mingapi? La tatu, ambalo ndilo kubwa: siku wageni watakapofunga mizigo yao, ni nani atakayeingia katika nyumba hizi, na je, kodi yake ataiweza?

Maswali hayo yafaa kuulizwa barazani kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, si baada ya utepe kukatwa. Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwanamichezo hatapewa jembe, kwa maana ataondoka. Nyumba aliyolala ndiyo itakayopaswa kufanya kazi, na ni juu yetu kuhakikisha kwamba itafanya kazi kwa ajili ya watu wa mahali pale.