Riwaya Isiyo na Ng'ambo

Mwalimu mmoja wa fasihi, Mkerewe ambaye amekwisha kustaafu na ambaye maskani yake sasa ni Kirumba mjini Mwanza, alikuwa na ada moja kila mwaka kabla hajawasomea wanafunzi wake riwaya ya Mzingile, na ada hiyo, tangu aliponisimulia habari zake, haijanitoka moyoni. Akiingia darasani alilichora Ziwa Viktoria zima ubaoni kwa chaki, kwa mkono wa mtu aliyelizoea tangu utotoni: Ukerewe upande wa kusini, Ukara kaskazini yake, Mwanza chini, Musoma mashariki, Bukoba magharibi, na huko juu Kisumu na Entebbe. Kisha akawauliza vijana kwamba, ikiwa vita vitazuka usiku ule, wao watakimbilia wapi.

Majibu hayakukawia. Mmoja alitaja kivuko cha Rugezi, kwa hoja kuwa mtu akishafika Kisorya yupo bara, na Bunda si mbali. Mwingine alisema atashukia Bugolora avuke kwenda Ukara. Wa tatu alikuwa na mjomba Majita, wa nne shangazi Sengerema. Kwa kila jibu mwalimu alipiga mstari, hata kisiwa kikazungukwa na njia pande zote kama utando wa buibui, na darasa zima likaona fahari kwamba watu wa visiwani hawakosi pa kwenda. Hapo ndipo alipokishika kitambaa. Alianza kwa kuifuta Kisumu, akafuatisha Entebbe na Bukoba, na vijana wakatazama tu. Alipoifuta Mwanza wakacheka. Alipokifuta Kisorya kicheko kikapungua. Na mwisho, bila ya kusema neno, alikifuta kisiwa chenyewe, akakung'uta vumbi la chaki mikononi, akawaambia kwamba kitabu walichokishika kinataka kujua binadamu ataanzaje kutoka hapo.

Mtunzi wa riwaya hiyo, marehemu Euphrase Kezilahabi, hahitaji kutambulishwa kwa wasomaji wa ukurasa huu. Alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, akasoma seminari ya Nyegezi, akaishtua nchi kwa Rosa Mistika mwaka 1971, na akafariki dunia Januari 2020. Riwaya zake zilizotangulia zilikuwa za dunia tuijuayo, za vijiji na miji, za ndoa na siasa. Lakini Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile ya mwaka 1991 zilitoka katika njia hiyo kabisa, zikaingia katika ulimwengu wa njozi ambamo wafu huzungumza, wakati hauna mpaka, na dunia yenyewe yaweza kuteketea kwa silaha za nyuklia, akabaki msimulizi mmoja, mwanamke mmoja, na mzee wa ajabu aitwaye Kakulu, wakakabiliwa na kazi ya kuanza upya.

Hadithi za kuhajiri kwa sababu ya dhiki ni za kale kuliko vitabu, na aghalabu zote zina ng'ambo. Nabii Nuhu alikuwa na safina, na safina ilikuwa na mlima wa kutulia. Waislamu wa mwanzo waliodhulumiwa Makka walikuwa na Madina ya kuwapokea mwaka 622. Wakerewe wenyewe husimulia kwamba Omukama Katobaha na watu wake waliondoka Ihangiro, ng'ambo ya magharibi ya ziwa, wakavuka na kuanzisha utawala wa Wasilanga kisiwani. Hata Aniceti Kitereza, mtunzi wa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, alizaliwa nje ya kisiwa mnamo 1896, huko Usukuma, kwa kuwa baba yake alikuwa amemkimbia mtawala, na baadaye mama yake akarudi naye Ukerewe. Watu wa ziwa hili, basi, wamelelewa katika imani kwamba palipo na maji pana pwani ya pili.

Mzingile haina pwani hiyo, na hapo ndipo maneno ya mwalimu yaliponishika. Kwa fikra yake, Kezilahabi hakukusudia kututisha, bali alikusudia kutunyang'anya udhuru. Maana mtu akijua kwamba ipo ng'ambo, husema moyoni kuwa nyumba hii ikiungua itapatikana nyingine, na hivyo haizimi cheche angali na wasaa. Alikumbusha Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoivamia ardhi iliyo kaskazini ya mto Kagera na wenyeji wakakimbilia kusini wakiwa na kile walichoweza kukibeba kichwani. Alikumbusha pia Aprili 1994, kadiri ya watu 250,000 kutoka Rwanda walipovuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa siku moja, na majuma yaliyofuata, maiti walipoletwa na Kagera hata ziwani na watu wakaogopa kula samaki. Nilipotaka kuiita Mzingile unabii, kwa kuwa ilitangulia msiba huo kwa miaka mitatu, alinikatalia kwa upole lakini kwa nguvu: mtunzi, alisema, hakubashiri, alitazama tu mambo ambayo binadamu alikuwa tayari amekwisha kuyatengeneza na kuyaweka ghalani.

Nilimstahi, lakini sikuridhika. Kwani waliovuka Rusumo walikuta nchi iliyo tayari? Walikuta mahema, foleni za maji, na kuni za kufuatwa mbali, na wengi walirudishwa kwao mwishoni mwa mwaka 1996. Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, waliopewa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu, walifyeka msitu, wakalima, wakazaa na kuzika, ilhali uraia wa Tanzania haukuwafikia wengi wao ila baada ya zaidi ya miaka 35. Yamkini, basi, ng'ambo hujengwa kwa mikono hata pale inapokuwapo, na yule msimulizi na yule mwanamke wa Kezilahabi si mbali na mkimbizi wa kweli kama tunavyodhani. Lakini kuna jambo ambalo wala riwaya wala mwalimu hakunitatulia: mwenye kujenga juu ya majivu aifanyeje mifupa iliyomo chini yake? Aizike na kuisahau ili watoto wakue kwa furaha, au aisimulie kila jioni ili wasirudie? Mwalimu alinyamaza kitambo, akasema kwamba wanafunzi wake nao walimwuliza hilo kila mwaka, na kwamba hakupata kuwajibu.

Katika vibanda vya vitabu nilivyovipitia mjini Mwanza nilioneshwa Rosa Mistika. Mzingile sikuoneshwa hata nakala moja. Ni kitabu chembamba, wala gharama ya kukichapa haiwezi kuwa kubwa. Nawasihi wachapishaji wakitie sokoni kwa wingi, na wakuu wa shule za Mwanza na Ukerewe wakiweke maktabani, apate kukisoma kijana wa Nansio kisiwani.