Fahamu: Vumbi kidogo linavyopotosha kipimo cha mmea

Ufipa, eneo la Sumbawanga, wakulima hufukia nyasi chini ya matuta ya ntumba zioze ziwe mbolea. Kujua mmea ulikotoa naitrojeni, au kama ulikosa maji, watafiti husaga sampuli yake na kupima isotopu (atomi za elementi moja zenye uzito tofauti). Hapo ndipo uchafu huharibu kazi.

Kaboni-13 ya mahindi husoma takriban -12 kwa elfu, ya maharage -27. Sampuli ya maharage ikichanganyika na asilimia 10 ya mahindi yaliyobaki kinuni, itasoma karibu -25.5, kama maharage yaliyokosa maji, na mtu ataripoti ukame ambao Sumbawanga haikuuona!

Jani lioshwe udongo haraka kwa maji safi ya maabara, likaushwe kwenye bahasha ya karatasi, nyuzi joto 60 hivi, kwani plastiki huozesha. Kinu kifutwe kwa spiriti kila baada ya sampuli. Mashine ya unga ya mtaani? Hapana.