Damu kwa Mbwa wa Ulinzi

Katika nchi jirani ya Kenya, mbwa ni mlinzi anayetegemewa. Kwenye Bandari ya Mombasa na Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, mbwa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori hunusa mizigo ili kufichua pembe za ndovu zinazotoroshwa. Mbwa huyo hufunzwa kwa muda mrefu pamoja na askari wake, lakini anaweza kuangushwa na kupe.

Kupe wa mbwa mwenye rangi ya kahawia huambukiza vijidudu viitwavyo erlikia. Mwaka 1980 watafiti nchini Kenya walieleza kwamba hata mbweha wa mgongo mweusi huweza kuwa hifadhi ya vijidudu hivyo. Majeshi yanaufahamu ugonjwa huo: katika vita vya Vietnam, mwishoni mwa miaka ya 1960, Marekani ilipoteza zaidi ya mbwa 100 wa kijeshi kwa sababu yake.

Vijidudu hivyo hupunguza chembe zinazogandisha damu. Mbwa hupata homa na hukataa chakula. Fizi hupauka, tumbo huwa na vidoadoa vyekundu, kisha pua hutoka damu pasipo jeraha. Hata hivyo, sumu ya panya nayo huleta kutokwa damu, na dawa yake ni vitamini K1. Kwa hiyo kipimo hutangulia tiba.

Damu ikipungua mno, mgonjwa huongezewa. Mbwa mtoaji huwa mzima, mwenye kilo 25 au zaidi, aliyechanjwa na kupimwa magonjwa ya kupe. Kwa mara moja hutoa mililita 450 hivi. Mbwa nao wana makundi ya damu; asiyepimwa akiongezewa mara ya pili, damu isiyopatana naye huweza kumuua. Damu huingizwa polepole mwanzoni, huku pumzi na mapigo ya moyo yakiangaliwa. Iliyotolewa siku hiyo hiyo ndiyo yenye chembe za kugandisha. Iliyokaa katika jokofu imekwisha kuzipoteza.

Lakini damu haiondoi ugonjwa. Humpa mgonjwa uhai hadi dawa ifanye kazi. Dawa hiyo ni doksisaiklini, ambayo kwa kawaida hutolewa siku 28 kwa maagizo ya daktari wa mifugo. Wakati huo mbwa hupumzishwa, hulishwa chakula laini, hachomwi sindano ya msuli wala hapewi aspirini. Jeraha hubanwa kwa kitambaa safi.

Kupe hatambui mpaka. Kikosi chenye mbwa hakina budi kuwakagua kila siku, masikioni na katikati ya vidole, kuyanyunyizia mabanda dawa, na kujua mapema ni mbwa yupi anayefaa kutoa damu. Mtoaji hatafutwi mgonjwa akiwa amekwisha kuzirai. Askari hamwachi mwenzake aliyejeruhiwa, na mbwa wa kikosi ni mwenzake.