Usiilaumu kadi ya mtandao kabla ya kuichunguza keneli

KOMPYUTA iliyokuwa ikifanya kazi vyema jana jioni yaweza kuwashwa leo asubuhi ikakosa mtandao kabisa. Waya umechomekwa, taa ya swichi inawaka, na kompyuta za jirani zinapata intaneti kama kawaida. Kilichobadilika ni kimoja tu: mfumo endeshi wa Linux umewekewa keneli mpya.

Hapo ndipo wengi hukimbilia dukani kununua kadi nyingine, au hufuta kila kitu na kuuweka mfumo upya. Mara nyingi hiyo ni hasara ya bure, kwa kuwa kadi ni nzima.

Keneli ni kiini cha mfumo endeshi. Keneli ya Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi mjini Helsinki, ndiyo inayogawa kumbukumbu, kupanga zamu za programu na kuviamrisha vifaa. Hata hivyo, kila kifaa kina lugha yake, hivyo keneli huhitaji mkalimani. Mkalimani huyo ndiye draiva.

Draiva hujengwa kwa ajili ya toleo mahususi la keneli na kuwekwa katika folda ya toleo hilo, ndani ya /lib/modules. Kwa kadi nyingi hakuna tatizo, kwani draiva zake huja pamoja na keneli yenyewe. Wanaopata taabu zaidi ni wenye kadi ambazo draiva zake hutolewa kando, kama baadhi ya kadi za Broadcom zisizotumia waya. Hizo sharti zijengwe upya kila keneli inapobadilika.

Hatua ya kwanza ni kurudi nyuma. Iwashe upya kompyuta na, katika orodha inayotokea mwanzoni, chagua keneli ya zamani. Katika Ubuntu orodha hiyo aghalabu hufichwa. Huonekana kwa kubonyeza Esc au kushikilia Shift mara kompyuta inapowaka. Mtandao ukirejea, umekwisha kujua kwamba kadi haina kosa, na umepata njia ya kupakua dawa.

Hatua ya pili ni kurudi kwenye keneli mpya na kuihoji. Amri ya uname -r hutaja toleo linalotumika. Amri ya lspci -k huorodhesha kadi zilizomo ndani ya kompyuta, na chini ya kila moja hutaja draiva inayoihudumia. Iwapo kadi inaonekana lakini draiva haitajwi, basi mkalimani hayupo.

Hatua ya tatu ni kusoma kumbukumbu za keneli kwa amri ya sudo dmesg. Humo utaona kama kuna faili la kadi lililokosekana, au kama draiva imekataliwa kwa kukosa saini inayodaiwa na ulinzi wa kompyuta.

Ikiwa draiva ni ya kujengwa kando, weka kwanza faili za vichwa za keneli mpya, kisha ijenge upya. Programu iitwayo DKMS hufanya kazi hiyo yenyewe kila keneli inapobadilika, lakini bila faili hizo haiwezi kufanya lolote. Asiye na keneli ya zamani anaweza kuunganisha simu kwa waya wa USB na kutumia intaneti ya simu, kwa kuwa njia hiyo hutumia draiva nyingine.

Je, keneli yaweza kuiharibu kadi yenyewe? Ni nadra, lakini imewahi kutokea. Mwaka 2008, matoleo ya majaribio ya keneli 2.6.27 yaliharibu kumbukumbu ya kudumu ya baadhi ya kadi za Intel zinazotumia draiva ya e1000e. Watengenezaji wa mifumo kadhaa, Ubuntu ikiwamo, waliizima draiva hiyo katika matoleo yao ya majaribio. Uchunguzi ulipokamilika, mkosaji hakuwa draiva. Chombo cha kufuatilia utendaji wa keneli kilikuwa kikiandika mahali ambapo msimbo wa zamani ulikwisha kuondolewa, na mahali hapo pakawa pamekabidhiwa kumbukumbu ya kadi. Oktoba mwaka huo chombo hicho kilizimwa, na kadi zikawekewa kinga dhidi ya kuandikwa ovyo.

Tukio hilo lina mafunzo mawili. Kwanza, anayeonekana kuwa mkosaji si lazima awe ndiye. Ushahidi utangulie hukumu. Pili, keneli ya majaribio haifai kuwekwa kwenye kompyuta inayotegemewa kwa kazi.

Zaidi ya yote, msomaji asiifute keneli ya zamani mpaka ile mpya ithibitike. Wahenga walikwisha kuonya: usiache mbachao kwa msala upitao.