Kutisha na Kusadikika: Lugha ya Mashabiki wa Filamu za Kutisha

Utangulizi

Shabiki anayetoka katika kibanda cha video na kutamka kwamba "picha ile inatisha" amesema jambo ambalo halijakamilika. Huenda anaisifu, huenda anailaumu. Mwenzake akimjibu kwamba haitishi bali inachekesha, naye pia hajaeleza kilichokosekana. Mabishano ya namna hii yamesikika kwa miaka mingi katika miji ya mwambao wa Afrika Mashariki, tangu enzi ya deki na mikanda ya video hadi enzi ya simu za mkononi. Ni rahisi kwa mwanachuoni kuyapuuza kwa kudhani kwamba ni maneno ya kijiweni yasiyo na nadharia ndani yake. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kinyume chake: kwamba mashabiki hao wanafanya kazi ya uhakiki, na kwamba vipimo wanavyovitumia vimo katika sarufi na msamiati wa Kiswahili chenyewe.

Mahali panapochukuliwa kuwa mfano ni Kilindoni, makao makuu ya Wilaya ya Mafia katika Mkoa wa Pwani. Kilindoni ni mji mdogo, na wakazi wake huunganishwa na Tanzania Bara kwa ndege ndogo na kwa vyombo vinavyovuka Mlango wa Mafia hadi Nyamisati. Filamu iliyotengenezwa Lagos, Hollywood au Dar es Salaam hufika hapo ikiwa imevuka bahari, na humkuta mtazamaji ambaye tayari ana elimu yake kuhusu mambo ya kutisha. Elimu hiyo ameipata kwa wazee, kwa waganga, katika ngano na katika magofu yaliyomzunguka. Hivyo basi, filamu haiandiki juu ya ubao mtupu. Swali ni hili: kwa nini baadhi ya filamu hizo husadikika kwa mtazamaji wa namna hiyo, na nyingine zikawa kichekesho?

Msamiati wa hofu

Kiswahili hakina hofu ya namna moja. Kushtuka ni tukio la mara moja: mlango umebamizwa, mtu akaruka, basi. Kusisimka ni jambo la mwili: malaika, yaani vinyweleo, husimama hata kabla akili haijafahamu sababu. Kuogopa ni hali inayodumu, na aghalabu huwa na yambwa: mtu humwogopa nyoka, huogopa giza, huogopa deni. Kitenzi hicho hunyambuliwa kikawa kuogofya, ambapo sauti p hugeuka kuwa fy, kwa kanuni inayokaribiana na ile inayogeuza kulewa kuwa kulevya. Zaidi ya hayo kuna kucha, kitenzi kikongwe kilichosalia katika maneno kama mcha Mungu, kicho na uchaji. Hii ni hofu iliyochanganyika na heshima, na anayeicha nafsi fulani haikimbii bali huinamia.

Tofauti hizi zinatatua sehemu kubwa ya ubishi. Filamu inayotegemea kelele za ghafla na nyuso zinazochomoza dirishani hushtua, lakini haiogofyi. Shabiki anayeisifu na mwenzake anayeidharau huenda wameona jambo lile lile, ila mmoja anapima mshtuko na mwingine anapima hofu inayomfuata mtu hadi kitandani. Ama kitenzi kutisha, ambacho ndicho kilichoipa aina hii ya filamu jina lake, ni kitenzi elekezi: hudai mtishwaji. Maneno "filamu ya kutisha" humficha mtishwaji huyo. Kwa hiyo ni halali kuuliza: inamtisha nani? Aidha, katika lugha ya mitaani "kutisha" kumekuwa sifa. Timu ya mpira inayoshinda mfululizo husemwa kwamba inatisha. Si ajabu basi kwamba sentensi moja hubeba sifa na lawama kwa pamoja.

Zimwi na jini: suala la upatanisho

Jambo la pili linahusu majina ya viumbe vinavyotisha. Baadhi ni ya asili ya Kibantu: mzimu, zimwi, pepo, mzuka. Mengine yameingia kutoka Kiarabu pamoja na Uislamu: jini, shetani, ibilisi. Msemaji wa Kiswahili wa mwambao huyatumia yote, lakini hayatumii ovyo. Mzimu huhusiana na wafu na mahali. Jini ana kabila, dini na makao yake. Zimwi ni la ngano, na kazi yake ni kula watu.

Sarufi inaonyesha tofauti hiyo kwa uwazi. Kwa kawaida jina la kiumbe chenye uhai huchukua upatanisho wa a- na wa-, liwe na umbo la ngeli yoyote: kipofu amefika, nyoka amepita, jini amempenda binti. Lakini methali isemayo kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha imeshikilia li- kutoka mwanzo hadi mwisho. Zimwi la methali linatajwa kama kitu kikubwa, na nafsi yake haihesabiwi. Wala jini hajafungiwa a- daima. Msemaji anayesema "jini limemvamia" amechagua kulikuza, kulidharau au kulitia kitisho, na katika kufanya hivyo amelinyima nafsi.

Hapa pana kipimo kinachofaa kwa uhakiki. Filamu za kutisha zaweza kugawanywa katika zile ambazo kitisho chake ni cha li- na zile ambazo kitisho chake ni cha a-. Katika kundi la kwanza kuna kitu kinachokuja, kinachoua, na kinachouawa mwishoni. Katika kundi la pili kuna nafsi yenye madai: imependa, imedhulumiwa, imeahidiwa kitu ikanyimwa. Kundi la kwanza hushtua na huisha. Kundi la pili humwacha mtazamaji akitafakari deni gani limelipwa na lipi halijalipwa.

Filamu zenyewe

Filamu za video za Nigeria zilijengwa juu ya hofu ya namna ya pili. Living in Bondage ya mwaka 1992, ambayo huhesabiwa kuwa chimbuko la mafanikio ya biashara hiyo, ni hadithi ya mume anayemtoa mkewe kafara ili apate utajiri, kisha mzuka wa mke humwandama. Mtazamaji hahitaji kuijua Lagos ili aelewe. Mzuka wa mke una haki, na aliyekosa ni aliye hai.

Nchini Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mussa Banzi alitoa filamu ya Nsyuka na baadaye Shumileta. Jina la kwanza linatoka katika Kinyakyusa, lugha ambamo abasyuka ni wafu waliotangulia, kama alivyoeleza Monica Wilson katika maandishi yake kuhusu Wanyakyusa katika miaka ya 1950. Ya pili inahusu jini wa kike anayempenda binadamu. Uteuzi wa majina hayo si wa bahati mbaya. Neno la lugha ya Mbeya, likifika masikioni mwa mtu wa Mafia, hubeba ugeni unaotisha. Lakini jini anayetaka kuolewa ni habari ambayo mtu wa pwani ameisikia tangu utotoni, na ataikagua kwa jicho la mjuzi.

Ukaguzi huo ndio unaoleta ukali wa mabishano. Chukua The Exorcist, filamu ya Marekani ya mwaka 1973 iliyoongozwa na William Friedkin. Ndani yake mapadri wa Kikatoliki wanapambana kumfukuza pepo aliyemwingia msichana. Katika uganga wa pwani, kupunga pepo kuna mantiki nyingine. Mganga humuuliza pepo jina lake, atokako na akitakacho. Hufukiza ubani, hupiga ngoma, na mara nyingi huafikiana naye kuliko kumfukuza. Mwanaanthropolojia Pat Caplan, aliyeanza utafiti wake kaskazini mwa Mafia mwaka 1965, ameandika kwa kirefu kuhusu watu wa huko na mashetani wa nchi kavu na wa baharini, na maandishi yake yanaonyesha uhusiano unaodumu kwa miaka kati ya mtu na pepo wake. Kwa mtazamaji aliyelelewa katika mantiki hiyo, mapadri wa filamu ile wanaweza kuonekana kuwa watu wasiojua kuzungumza na mgeni. Atasema filamu ni ya uongo, bila kumaanisha kwamba pepo hawapo. Anachokataa ni kwamba waliotengeneza filamu hawakuwajua.

Kazi ya mfasiri wa filamu nayo haina budi kutajwa. Wafasiri wa Dar es Salaam kama Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, walizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, wakiongeza maelezo, mizaha na mafunzo. Uamuzi wa mfasiri wa kukiita kiumbe cha Hollywood jini, mzimu au zimwi ni uamuzi wa kitaaluma, kwa kuwa kwa neno moja humpa kiumbe huyo ukoo, makao na madai, au humnyima vyote.

Kitisho kisicho na jini

Isidhaniwe kwamba mtu wa Mafia anahitaji pepo ili aogope. Katika kisiwa cha Juani kuna magofu ya Kua, mji ulioangamizwa na Wasakalava kutoka Bukini mwanzoni mwa karne ya 19. Masimulizi kuhusu Kua na mji wa Kisimani, uliokuwa ncha ya magharibi ya kisiwa kikuu, yanaeleza kisasi kikubwa. Watu wa mji mmoja waliunda jahazi, wakawaalika jirani zao karamuni, wakawakamata watoto wa wageni na kuwalaza wamefungwa njiani, kisha jahazi likashushwa majini juu ya miili yao. Waliofiwa walinyamaza kwa miaka. Halafu nao wakaalika harusi, wakawakaribisha wageni katika chumba kilichoandaliwa, na mlango ukajengwa kwa mawe wageni wakiwa ndani.

Simulizi hii haina jini hata mmoja, wala haishtui kwa kelele. Inatisha kwa sababu kila tendo lina sababu inayoeleweka, na kwa sababu silaha zake ni mambo mema: ualikwa, karamu, harusi. Yafaa ihesabiwe miongoni mwa vipimo ambavyo filamu yoyote italinganishwa navyo visiwani humo.

Dhima ya kitisho

Kuna sababu nzito ya kutoyachukulia mabishano haya kama mchezo. Mwaka 1995, Pemba na Unguja zilikumbwa na hofu ya Popobawa, jina lililoundwa kwa kuunganisha popo na bawa. Watu walikesha nje ya nyumba zao kwa makundi, na katika taharuki hiyo mtu mwenye maradhi ya akili aliuawa na umati uliomdhania kuwa ndiye Popobawa. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu, ambayo huweza kuletwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi, yamechukuliwa kuwa ushahidi. Sheria ya Uchawi imekuwapo tangu mwaka 1928, na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza tangu mwaka 1976, lakini sheria haiwezi kumfundisha mtazamaji namna ya kumtazama jirani yake.

Fasihi ya Kiswahili ilikwisha kukutana na tatizo hili kabla ya filamu. Swifa ya Nguvumali, utenzi wa Hasani bin Ismail uliochapishwa mwaka 1968 kwa uhariri wa Peter Lienhardt, unasimulia mauaji ya huko Kilwa na mganga aliyeitwa kuwafichua wachawi. Aliyesikiliza utenzi huo alipaswa kuamua amsadiki nani. Filamu inayomwonyesha bibi mwenye macho mekundu akiruka usiku juu ya ungo, bila kumpa jina, maisha wala dai, imemtoa katika a- na kumtia katika li-. Imemfanya zimwi. Na zimwi, kwa mujibu wa ngano zetu, huuawa bila kuulizwa.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba hukumu za mashabiki hutegemea mambo matatu: aina ya hofu inayotafutwa, nafsi inayopewa kitisho, na ulinganifu wa filamu na elimu ya mahali inapotazamwa. Shabiki wa Kilindoni anayesema kwamba filamu fulani ni ya uongo anastahili kuulizwa uongo huo uko wapi, na majibu yake yastahili kuandikwa na kuchambuliwa na wanafunzi wa isimu na fasihi kwa uangalifu ule ule unaotolewa kwa tenzi. Filamu bora ya kutisha ni ile inayomlazimisha mtazamaji kumuuliza anayemwogopa: wewe ni nani, unatoka wapi, unataka nini? Waganga wa pwani wamekuwa wakiuliza maswali hayo tangu zamani. Umati wa mwaka 1995 haukuyauliza, na mtu asiye na hatia akafa.