Kilichomo ndani ya taulo za kike

Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha pili, hapa Gisenyi, aliomba ruhusa katikati ya kipindi. Alitoka amejifunga sweta kiunoni, na hakuonekana tena darasani kwa siku nne. Siku ya tano akaja mama yake. Ni mfanyabiashara wa mpakani, mmoja wa wale wanaovuka Petite Barrière alfajiri na beseni kichwani kwenda Goma. Tulisalimiana Kitanzania, maana naye kama mimi alikulia uhamishoni. Kisha akaweka mezani pakiti ya taulo za kike isiyo na jina la kiwanda.

"Mwalimu, hizi nauza mwenyewe. Na ndizo zilizomwaibisha mwanangu."

Mimi nilimaliza darasa la saba Karagwe, enzi ambazo msichana alikuwa na kipande cha khanga kuukuu na basi. Aibu ile naijua. Nikaenda kuleta mkasi, maji na chumvi.

Tulikata moja ya zile zake. Ndani mlikuwa na nyuzi zilizoshikana mabonge mabonge, kwingine patupu kabisa. Nikamimina nusu kikombe cha maji, nikabonyeza kwa kidole, yakarudi mezani. Tukakata nyingine niliyoinunua dukani. Hii ilikuwa na chembe nyeupe kama sukari, zimenaswa katikati ya nyuzi. Maji yalipoingia zikavimba, zikawa kama uji mzito, na nilipobonyeza hayakutoka. Nikanyunyiza chumvi, uji ukaanza kulegea na kuachia maji.

"Kumbe!" akasema mama.

Ndiyo maana kupima kwa maji matupu kunadanganya. Chembe hizo hunywa maji safi mara mia kadhaa ya uzito wake, lakini kwa kitu chenye chumvi, na damu ina chumvi, uwezo hushuka sana.

Kiwandani kazi huanza na marobota ya nyuzi laini za miti. Mashine yenye nyundo nyingi huzisaga mpaka ziwe kama manyoya, upepo ukazipuliza kwenye wavu unaovutwa hewa kwa chini. Nyuzi zinapotua, chembe hunyunyizwa humo humo hewani ili zitawanyike. Hapo ndipo penye ufundi wenyewe. Chembe zikirundikana mahali pamoja, za juu huvimba na kuziba njia, za chini zikabaki kavu, na taulo huvuja ingawa chembe ni nyingi. Kitambaa cha juu hakifumwi wala hakisukwi. Plastiki iliyoyeyushwa hupitishwa kwenye matundu madogo, ikavutwa kuwa nyuzi, zikatandazwa na kushikizwa kwa moto. Ni ndugu wa ile mifuko laini iliyoenea Tanzania baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Juni 1, 2019.

Chembe hizi zilitokana na utafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani miaka ya 1960, na Wajapani ndio walioanza kuziuza ndani ya taulo za kike, mwaka 1978. Lakini msomaji asidhani kwamba pasipo chembe hakuna taulo nzuri. Kule Ngoma, Mashariki mwa nchi yetu, shirika la SHE lilianzisha kiwanda kinachotumia nyuzi za migomba wanazonunua kwa wakulima, bila chembe hizo. Nyuzi zikichambuliwa na kutandazwa vizuri, zinafanya kazi. Hizi za mama zilikuwa takataka tu za pamba.

Desemba 2019 serikali yetu iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike. Kenya ilitangulia mwaka 2004. Tanzania iliiondoa 2018, ikairudisha 2019. Mtaani kwangu sijaona bei ikishuka kiasi cha kumtosha mama mwenye mabinti watatu, na ndiyo sababu pakiti zisizo na jina zinapata wateja.

Nilimuuliza mama zimebaki ngapi. Akasema katoni moja na nusu, na mtaji wote umo humo, fedha za kikundi. Alinyamaza kitambo. Kisha akaniomba mkasi na chumvi kidogo kwenye karatasi, akafunge safari kwa aliyemuuzia.

Binti alirudi darasani Jumatatu. Mama yake sijamwona tangu siku ile.